UNDUGU WA KUPANGWA: KUTOKA MADINA HADI MABWENI YA MAU NAROK

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, kabla hujageuza ukurasa nataka nikuulize swali moja dogo. Siku ile ya kwanza ulipofika shule ya bweni, sanduku mkononi na godoro begani, ni nani aliyekuwa wa kwanza kukuuliza jina lako? Simsemi mwalimu aliyekuwa akiandika rejista, wala kiranja aliyekuuliza jina ili apate la kukuchekea. Nauliza mtu aliyetaka kukujua. Je, unamkumbuka? Kama unamkumbuka, mshukuru Allah, na ukimaliza makala haya mtafute umsalimie. Na kama hayuko, yaani hakutokea mtu, basi makala haya yameandikwa kwa ajili yako.

KITANDA CHA JIRANI

Nilijiunga na kidato cha kwanza Januari 2018, katika shule moja ya bweni huku juu Mau Narok. Jina la shule tuliache. Kwa asiyepajua, Mau Narok iko juu ya Njoro, kaunti ya Nakuru, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya ngano, shayiri, viazi na kabeji, na baridi yake si ya mchezo. Mimi nilitoka Nakuru mjini, nimezoea kusikia adhana na kwenda madrasa kila alasiri. Huku nilikuta Waislamu watatu katika shule nzima, mimi nikawa wa nne.

Ramadhan ya mwaka huo ilianza katikati ya mwezi wa Mei, na kufikia Juni ukungu ulikuwa unashuka hadi mlangoni mwa bweni. Chakula cha jioni kililiwa kabla ya jua kuzama. Maghrib ilipoingia, saa kumi na mbili na nusu hivi, bwalo lilikuwa limeshafungwa na kengele ya prepu inakaribia. Siku tatu za kwanza nilifuturu kwa maji ya mfereji na mkate niliouficha sandukuni, peke yangu, nimekaa kitandani gizani. Siku ya nne kaka mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hatukuwa na nasaba wala kabila moja, akanishika mkono akanipeleka jikoni. Kumbe alikuwa ameshazungumza na mama mpishi. Yule mama, Mkristo wa watu, akawa anatuwekea uji na githeri kwenye sufuria iliyofunikwa kando ya moto. Tangu siku hiyo tulifuturu watu wanne kwenye sufuria moja. Niliyofundishwa muhula ule mengi nimeyasahau, lakini ladha ya uji ule naikumbuka hadi leo.

Hiyo ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni nzito kuisema. Kwenye kitanda cha jirani yangu alilala mwanafunzi wa kidato cha kwanza kama mimi, aliyetoka kaunti ya mbali. Hakuwa Muislamu. Alikuwa kimya sana. Usiku alijifunika blanketi gubigubi, na mara nyingine nilisikia analia. Sikumuuliza kitu. Nilijiambia, "Hayo ni mambo yake," na isitoshe mimi nilikuwa nimeshapata wenzangu wa sufuria. Wiki chache kabla ya kufunga muhula alichukua sanduku lake akaenda, na hakurudi tena. Mwalimu alipouliza darasani kama kuna anayejua amekwenda wapi, hakuna aliyejua. Mimi niliyelala hatua moja kutoka kwake sikujua hata jina la kijiji chake.

Tangu hapo swali hili limekuwa likinisumbua: kwa nini mimi nilipata mtu na yeye hakupata? Ni bahati tu? Nimelitafuta jibu katika historia yetu, na nililolipata ndilo ninalotaka kukueleza mwezi huu mtukufu. Katika Uislamu, undugu haukuachwa uwe wa bahati. Ulipangwa.

MADINA, MWAKA WA 622

Mara nyingi tunaposimulia Hijra tunafikia pale watu wa Madina walipompokea Mtume (S.A.W) kwa furaha, tukaishia hapo. Lakini tujiulize, siku ya pili ilikuwaje? Muhajirina walikuwa wametoka Makka mikono mitupu. Wengi wao waliacha nyumba, mali na jamaa. Hata hewa ya Madina haikuwakubali. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba Abubakar na Bilal (R.A) walipatwa na homa, na homa ilipompungukia Bilal akawa anaimba mashairi ya kuyatamani mabonde ya Makka na majani yanayoota huko. Tazama, ndugu yangu! Huyu ni Bilal, aliyestahimili kulazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani. Naye pia alikumbuka kwao hadi akaimba. Basi mtoto wa miaka 14 akilia usiku bwenini, nani atamwambia kwamba yeye ni dhaifu?

Wenyeji nao walikuwa na vidonda vyao. Aws na Khazraj, makabila mawili makubwa ya Madina, walikuwa wamepigana vita vya Bu'ath kama miaka 5 tu kabla ya Hijra. Walikuwamo majirani waliouliana ndugu.

Mtume (S.A.W) alifanya nini? Alijenga msikiti, kisha akaunga undugu, yaani muakhaat. Wanavyuoni wa sira, akiwemo Ibn al-Qayyim, wanataja kwamba ulifanyika katika nyumba ya Anas bin Malik (R.A), na waliounganishwa walikuwa wanaume 90, nusu Muhajirina na nusu Ansari. Zingatia namna ulivyofanyika. Mtume (S.A.W) hakutosheka na kuwahutubia watu wapendane kisha akaenda zake. Alimtaja mtu kwa jina lake na mwenzake kwa jina lake. Fulani ni ndugu yako, na wewe ni ndugu yake. Uzito wa jambo hili ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanzoni walikuwa wakirithiana, hadi iliposhuka aya ya mwisho ya Suratul Anfal ikarudisha mirathi kwa jamaa wa damu.

Visa vitatu vya undugu huo vinatosha kutufundisha.

Cha kwanza ni cha Saad bin Rabii na Abdurrahman bin Auf (R.A). Saad, tajiri wa Kiansari, alimwambia ndugu yake mpya kwamba atamgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akakataa, akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akauza na kununua, na haikupita muda akaoa kwa mali yake mwenyewe. Mgeni hahitaji nusu ya mali yako. Mara nyingi anahitaji kuonyeshwa njia. Maji ya kuoga yanapatikana wapi? Mwalimu gani husikiliza? Qibla kiko upande gani? (Kwa huku Mau Narok ni kaskazini, kuegemea mashariki kidogo. Mimi niliswali wiki nzima upande usio sahihi kwa sababu hakuna aliyenionyesha!)

Cha pili ni cha Salman na Abu Dardaa (R.A). Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake akamkuta mkewe hajijali, akajua nyumbani kuna jambo. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Salman akakataa kula mpaka naye ale. Usiku Abu Dardaa akitaka kuamka, Salman anamwambia lala. Mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja, na Salman akamfahamisha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki ampe haki yake. Mtume (S.A.W) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Ndugu mtahiniwa unayekesha na vitabu hadi saa nane usiku, una Salman wako wa kukwambia "lala"? Ndugu wa kweli huona kabla hujasema.

Cha tatu ni cha Bilal mwenyewe. Yeye aliunganishwa na Abu Ruwayha (R.A). Miaka ikapita, Mtume (S.A.W) akafariki, ikaja zama ya Khalifa Umar (R.A) na majina ya wanajeshi yakawa yanaandikwa katika madaftari. Ibn Is-haq anasimulia kwamba Bilal, wakati huo akiwa Sham, alipoulizwa aandikwe na kina nani, alitaka aandikwe pamoja na Abu Ruwayha, kwa kuwa hataachana naye kwa ule undugu aliouunga Mtume (S.A.W). Mgeni aliyekuwa akiililia Makka alikuwa sasa na mtu wa kuandikwa naye katika rejista moja.

WATU WA SUFFA

Pembeni ya Msikiti wa Mtume (S.A.W) palikuwa na kibaraza chenye paa kiitwacho Suffa. Hapo walilala maswahaba wasiokuwa na nyumba wala jamaa Madina, wakijifunza Qur'ani na hadithi. Ukitaka, liite bweni la kwanza la Uislamu. Abu Hurayra (R.A), aliyekuwa mmoja wao, alieleza kwamba aliona watu 70 wa Suffa, hakuna kati yao aliyekuwa na vazi kamili la juu.

Walilishwa vipi? Hapa tena hapakuwa na kubahatisha. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W) aliagiza mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu katika wao, na mwenye cha wanne achukue wa tano au wa sita. Abubakar (R.A) akachukua watatu, na Mtume (S.A.W) mwenyewe akachukua kumi. Hebu fikiria, ni hesabu kabisa! Kila mlango ulijua mgeni wake.

Na kuna kisa cha maziwa. Siku moja Abu Hurayra alishikwa na njaa hadi akakaa njiani akitumai mtu atamuelewa. Mtume (S.A.W) alipompitia alimtazama, akatabasamu, akajua. Nyumbani kulikuwa na bakuli moja la maziwa. Badala ya kumpa anywe, akamtuma akawaite watu wa Suffa wote. Abu Hurayra anakiri kwamba jambo hilo lilimuudhi moyoni, maana bakuli lenyewe ni moja. Walipofika, yeye ndiye aliyeamrishwa kuwanywesha, mmoja baada ya mwingine, wakashiba wote. Akabaki yeye na Mtume (S.A.W). Akanywa hadi akaapa hana tena nafasi, ndipo Mtume (S.A.W) akanywa wa mwisho. Aliyekuwa na njaa zaidi alifanywa kuwa mwenye kuhudumia. Mtu akiwa mpweke, wakati mwingine dawa yake ni kupewa bakuli awagawie wengine.

RIWAQ ZA AL-AZHAR, DARASA ZA LAMU

Waislamu waliokuja baadaye walijifunza kutokana na haya. Msikiti wa Al-Azhar ulijengwa Cairo kati ya mwaka 970 na 972, na ulipokuwa chuo kikubwa wanafunzi wakamiminika kutoka kila pembe. Wakawekewa riwaq, yaani makazi ndani ya msikiti kwa mujibu wa nchi walizotoka. Palikuwa na riwaq ya watu wa Maghrib, ya watu wa Sham, ya Waturuki, na hata ya Wajabarti, yaani wanafunzi kutoka pembe hii yetu ya Afrika. Kila riwaq ilikuwa na sheikh wake, na wanafunzi walipata mgao wa mkate kutokana na mali za waqfu. Mwanahistoria mashuhuri wa Misri, Abdurrahman al-Jabarti (1753-1825), anatoka katika ukoo ulioisimamia riwaq ya Wajabarti kwa vizazi. Mtoto aliyefika Cairo hajui Kiarabu cha mitaani alikuta mtu anayejua lugha ya mamake na mahali pa kuweka mkeka.

Kwetu Afrika Mashariki tunaye Habib Swaleh wa Lamu. Alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana, yaani naye alikuwa mgeni. Darasa zake zilizaa Msikiti na Chuo cha Riyadha, na alifundisha hadi alipofariki miaka ya 1930. Kilichomtofautisha ni nani aliwakalisha kwenye mkeka wake. Aliwafundisha watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji waliona elimu ya dini si yao, na jambo hilo halikuwapendeza wote. Lakini mkeka ulibaki mkeka, na wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima wakikaa na kula hapo.

Hata hivyo, ndugu yangu, tuwe waangalifu. Riwaq ya watu wa kwenu hukuliwaza, lakini ukikaa humo tu inaweza kukufungia. Muakhaat wa Madina ulimtoa mtu kwenye kundi lake ukampeleka kwa asiyemjua. Vyote viwili vinahitajika: sehemu ya kupumzikia na watu wa kwenu, na mkono wa kukuvusha kwa wengine. Na hakuna mahali ninapojua panapohitaji somo hili zaidi ya hapa kwetu.

NA SISI WA NJORO NA MAU NAROK JE?

Tazama historia ya nchi hii tunayoikanyaga. Mau hii ilikuwa malisho ya Wamaasai, na jina lenyewe Narok ni la Kimaa, maana yake nyeusi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja nayo wakaja Waislamu wa pwani, Wahindi, Wasomali na Wanubi, ndipo mitaa kama Bondeni ikapata misikiti na madrasa. Wamaasai wakasukumwa nje ya ardhi zao za Bonde la Ufa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Nyanda hizi zikawa mashamba ya walowezi. Lord Delamere alijaribu kilimo cha ngano hapo Njoro, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kikaanzishwa. Wafanyakazi wakaletwa kutoka kila upande.

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton akaanzisha shule ya kilimo Njoro kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Shule hiyo ikawa chuo cha diploma mwaka 1950 na chuo kikuu kamili mwaka 1987, na leo inasomesha watoto wa kila kabila la Kenya. Lakini ilianza kama mahali ambapo mtoto wa mfanyakazi alilima nje ya ua huku mwenzake akisoma ndani.

Baada ya uhuru wa 1963 ikaja mipango ya makazi na kampuni za kununua mashamba. Ndiyo maana leo ukiingia darasa lolote la Mau Narok utakuta Mkikuyu, Mkalenjin, Mmaasai, Mkisii, Mluhya na Mturkana kwenye dawati zinazofuatana. Ni neema, lakini ni neema yenye makovu. Molo ilichomeka mwaka 1992. Njoro ikaingia damu Januari 1998. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru na vitongoji vyake vikawaka tena hadi uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Watoto waliozaliwa karibu na mwaka ule ndio vijana wa leo. Wengine walisimuliwa jikoni ni nani aliyechoma nyumba ya babu, kisha Januari moja wakapangiwa bweni moja na mjukuu wa huyo huyo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Aws na Khazraj. Shule ya Mau Narok ni Madina ya 622 kwa udogo wake: wageni wanaokumbuka kwao, na wenyeji wenye vidonda. Tofauti ni kwamba Madina palikuwa na aliyepanga nani akae na nani. Sisi tunapangiwa vitanda kwa namba ya usajili, basi.

UPWEKE UNAPOKUWA MOTO

Pengine unasema, "Huyu anakuza mambo, upweke haumuui mtu." Si kweli. Usiku mmoja wa Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafariki. Walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wenzao. Sisemi kwamba kila moto ni wa upweke, kwani sababu za migomo ni nyingi. Lakini jiulize, mtu humwagia petroli vipi bweni walimolala watu anaowajua majina ya mama zao? Mwaka huo huo jopo la serikali lililoongozwa na Bi. Naomy Wangai lilichunguza utovu wa nidhamu shuleni, na miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwa kuimarisha ushauri nasaha. Mwaka 2001 ndio pia viboko vilipopigwa marufuku. Fimbo ikaondoka, na hilo ni jema. Swali ni nini kilichoshika nafasi yake. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ni mmoja kwa mamia ya wanafunzi, na ana vipindi vyake vya kufundisha.

Hapa wanafunzi wenyewe wanaweza. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn, iliwatumia vijana waliotoka shule juzi juzi, wala si madaktari, kukaa na wanafunzi wa sekondari katika vikundi vidogo saa moja kwa wiki, kwa wiki 4. Walizungumza kuhusu kukua, kushukuru na mambo wanayoyathamini maishani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu vijana 413 wa Kenya waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi, ulionyesha kwamba waliokaa katika vikundi hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliofundishwa mbinu za kusoma. Jambo lenyewe ni jepesi: watu wachache wakakaa pamoja, wakiongozwa na kijana wa rika lao, siku maalum, saa maalum. Je, hili si halaqa?

Tena wapo kati yetu wanaodhani huzuni ni upungufu wa imani. Hao wamsome Imam Ghazali. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa kabisa wa Nidhamiya ya Baghdad, ulimi wake ulifunga akashindwa kufundisha, chakula kikawa hakipiti, na tabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Aliyaandika hayo mwenyewe bila ya kuona haya. Na ni yeye huyo aliyetenga kitabu kizima ndani ya Ihya kuhusu adabu na haki za udugu na usuhuba.

TUFANYE NINI?

Miaka hii Ramadhan imeangukia muhula wa kwanza, wakati ambapo wageni wa shule bado hawajajua hata njia ya kisimani. Saumu yao ya kwanza mbali na nyumbani wanaifunga katikati ya watu wasiowajua. Basi viongozi wa vyama vya wanafunzi Waislamu, na wewe msomaji hata kama huna cheo, nawaomba haya:

Kwanza, tuandike majina. Wiki ya kwanza ya muhula amiri akae na daftari, kila Muislamu mgeni apewe ndugu mmoja mkubwa kwa jina. Dada zetu wamekuwa na desturi ya "mama wa shule" tangu zamani, na ni desturi nzuri. Ila tuilinde. Pale ambapo "mama" anamfuliza mtoto nguo na kumla vitu vyake, huo si undugu tena, ni utumwa mdogo. Saad alitoa, hakuchukua.

Pili, futari iwe moja. Mzungumzeni na mwalimu mkuu mapema, kabla ya mwezi kuandama, kuhusu daku na chakula cha Maghrib. Nendeni kwa adabu, mkiwa na idadi ya watu na saa kamili. Wengi wao hukubali wakielezwa vizuri. Na msimsahau mpishi. Mwenye kumshukuru mtu amemshukuru Allah.

Tatu, bakuli apewe aliye kimya. Ukiona mgeni anajitenga, usimfanyie mahojiano. Mwambie akusaidie kugawa tende au kuhesabu sahani. Abu Hurayra alianzia hapo.

Nne, tuvuke. Ule undugu usiishie kwa Muislamu mwenzako. Jirani ana haki hata kama dini yake si yako, na kitanda cha jirani ni jirani. Mkaribisheni Mmaasai, Mkikuyu, Mkalenjin, yeyote yule, kwenye uji wa futari. Mtu mliyekula naye sahani moja ni vigumu kumchomea nyumba.

Tano, tujue mipaka yetu. Mwenzako akikwambia hataki tena kuishi, au ukaona hali, halalii wala hali, hilo si la kuweka siri. Mpeleke kwa mwalimu unayemuamini, kwa mzazi, kwa hospitali. Kutafuta matibabu ni sunna.

MWISHO

Ndugu yangu msomaji, yule kaka wa kidato cha tatu sikuwahi kumuuliza kwa nini alinishika mkono siku ile. Nilipofika kidato cha tatu mwenyewe nilimuuliza mmoja wa wenzetu wa sufuria, akacheka akasema, "Kwani yeye hakushikwa?" Naye alipokuwa mono kuna aliyempeleka jikoni, na huyo naye kuna aliyempeleka. Mnyororo ule ulikuwapo kabla yetu. Kosa langu ni kwamba nilipopokea mkono wa nyuma sikuunyoosha wa mbele, wakati kulikuwa na mtu analia hatua moja kutoka kwangu.

Simjui aliko leo. Namuombea kheri kila Ramadhan, nikimtaja kama "jirani yangu wa kitanda" kwa sababu jina lake kamili halijabaki kichwani mwangu. Allah analijua. Lakini wewe unayesoma haya bado una muda. Leo jioni, kabla ya adhana ya Maghrib, tazama bwenini au darasani mwako. Yupo mmoja ambaye hakuna anayejua anatoka wapi. Kamuulize.

Tunamuomba Allah (S.W.T) azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, azilinde shule zetu na moto na fitina, aziunganishe nyoyo za watu wa Mau Narok, Njoro na Kenya nzima kama alivyoziunganisha za Aws na Khazraj, na amrudishie amani kila mwanafunzi anayelala na huzuni usiku wa leo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.